Bi Z na zile pointi 60: utafiti wa uchovu sugu uliokataliwa na wagonjwa wenyewe

Kisa hiki ni cha kazi niliyoifanya mwenyewe kama msaidizi wa utafiti hapa Mombasa. Majina nimeyatoa, mtaa sitautaja, taasisi pia sitaitaja, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asije akasoma akasema aah huyu ni fulani wa nyumba ile. Bi Z mwenyewe nilimsomea kabla sijaandika, akanitolea sehemu mbili, nikazifuta.

Usuli

Ugonjwa wenyewe ni ule wa uchovu sugu, wengine huuita ME/CFS. Usidhani ni uchovu wa mtu aliyebeba magunia Marikiti kutwa nzima akalala akaamka mzima. Huyu analala masaa kumi na anaamka kama hajalala, akisimama kichwa kinazunguka, akisoma mstari mmoja anaurudia mara tatu, na hali hiyo inakwenda miezi sita na zaidi. Lakini alama yake kubwa ni moja: akijichosha kidogo tu, mwili au akili, anaanguka, na mara nyingi haanguki saa ile ile, anaanguka kesho yake au kesho kutwa. Mwaka 2015 taasisi ya tiba ya Marekani ilitoa ripoti kubwa ikasema hiyo ndo alama ya msingi, na ikasema kwamba huu ni ugonjwa wa mwili si wa kujifikiria. Grupu ya wagonjwa hapa kwetu wana neno lao, wanasema "kulipa". "Jumamosi nlienda harusini, Jumatatu nkaanza kulipa." Hilo neno likumbuke maana sisi hatukuwa nalo kwenye fomu yetu hata mahali pamoja.

Wengi kwenye hiyo grupu walianza baada ya homa. Mombasa tulipigwa na chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, mnakumbuka watu walivyokuwa wanatembea wamejikunja kama wazee, alafu ikaja Covid. Wengi walipona. Wachache hawakurudi walivyokuwa.

Utafiti wetu ulikuwa mdogo. Sehemu ya kwanza ni maswali, kipimo cha kutembea dakika 6, na damu mililita 20, yaani kama vijiko vinne vya chai. Sehemu ya pili ni wiki 12 za mazoezi ya kutembea yanayoongezwa kidogo kidogo, kisha maswali tena tuone nani amepata nafuu. Vibali vyote vilikuwepo, kamati ya maadili imepitisha, leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, ipo. Kwenye makaratasi tulikuwa safi kabisa.

Bi Z

Mama wa arubaini na kitu, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi kabla ya sala watu washapanga foleni. Aliugua mapema 2018, homa ikaisha, yeye hakuisha. Alipimwa malaria mara ngapi sijui, akapimwa damu, tezi, sukari, kila kitu kiko sawa. Daktari wa tatu akamwambia "mama una mawazo" akaandikiwa dawa za usingizi. Kwa Pwani ukiambiwa una mawazo basi kila mtu nyumbani anaanza kukutafutia mawazo yenyewe ni yepi, mume ana mke wa pili wapi, nani amekuonea husuda. Akanywa kombe, akapiga hijama, akapelekwa kwa mganga mmoja ng'ambo ya Likoni akaambiwa ni jini la baharini. Alinambia hivi, naikumbuka vizuri: "Jini nlimlipa elfu nane, daktari nlimlipa zaidi, wote wawili wanambia kitu kipo kichwani mwangu."

Ana mpwa wake Uingereza. Huyo mpwa ndo aliyemtumia mambo mengi ya huu ugonjwa kwa voisnoti za Kiswahili, ndefu, akimfasiria. Sisi hatukulijua hilo. Tulimuona mama wa mahamri.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kwanza alikuja na bintiye. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, lifti hakuna, utafiti wa watu waliochoka na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza ngazi. Alipofika juu alikaa kwenye benchi kama robo saa hajasema kitu. Nikampa maji, nikampa fomu ya idhini. Ile fomu ilikuwa imetafsiriwa Kiswahili cha ofisini, kile cha "mhusika atajulishwa ipasavyo". Nikaona afadhali nimsomee.

Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza maswali matatu. Nani analipa? Nikamjibu. Damu inakwenda wapi ikishapimwa? Nikasema itahifadhiwa na huenda sehemu ikapelekwa nje. Akatikisa kichwa tu. La tatu: "Na mkisema mtu amepata nafuu, mwapima vipi?"

Nikamuonyesha, tena kwa madaha, manake hapo nilijiona najua. Kuna maswali 10 ya nguvu za mwili, waweza kupanda ngazi, waweza kuinama, waweza kuoga mwenyewe, kila swali lina majibu matatu, jumla inatoka kati ya 0 na 100, ikipanda ndo nguvu zaidi. Anayeingia kwenye utafiti lazima awe na 65 kushuka chini. Anayefika 60 kwenda juu mwishoni anahesabiwa yuko kwenye kiwango cha kawaida.

Akanyamaza. Bintiye ndo aliyecheka kwanza.

"Mwanangu," akanambia, "mimi nikiingia na 65 nikatoka na 60, nimezidi kuugua. Nyinyi mwaandika nimepona?"

Wallahi nilitoa simu nikafanya hesabu, mtu mzima na digrii yake, nahesabu sitini na sitini na tano. Nikasema nitauliza. Na hapo hapo, badala ya kumwacha aende nyumbani, nikamwambia basi tumalizie kipimo cha kutembea. Akakubali kwa heshima. Alitembea ile kolido dakika 6, akawa ananipigia story za bei ya unga, nikaandika kwenye karatasi "hana tatizo linaloonekana". Nikampa nauli, shilingi 500, akashuka.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi simu yake ikawa haishikwi. Ijumaa baada ya sala bintiye akanipigia, hakunisalimia hata, akasema njoo uone.

Nilibeba ndizi na machungwa kama mtu anayeenda kutazama mgonjwa wa kawaida. Chumba kina giza, pazia limefungwa na pini za nguo, feni imezimwa na joto lile la Machi kwa sababu sauti yake inamuumiza. Bi Z amelala chali, kanga imekunjwa mara nne juu ya macho. Nikamwambia shikamoo, akainua kidole kimoja. Binti akanong'ona kwamba tangu jana anabebwa kwenda msalani. Nilisimama pale na mfuko wangu wa machungwa. Kwenye karatasi yangu ofisini bado imeandikwa hana tatizo linaloonekana.

Wiki mbili baadaye alipoweza kukaa alirekodi voisnoti ya dakika nne akaiweka kwenye grupu. Hakutukana mtu. Alieleza tu 65 na 60, akaeleza ngazi, akaeleza siku alizolipa, akamaliza na kusema kila mtu ana akili yake. Kati ya watu 11 waliokuwa washaweka sahihi, 8 walijitoa ndani ya siku mbili.

Na hapo ndo moto ulipochukua njia zake, manake grupu ni grupu. Mmoja akaandika kwamba damu inauzwa. Mwingine akaleta mumiani, zile habari za bibi zetu za watu wanaokamata watu usiku kuwatoa damu. Akatokea kijana akasema kabisa sisi ndo tuliowaletea virusi. Bi Z mwenyewe alijaribu kuwatuliza lakini wapi.

Tulivyoamua na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mbaya na nilikuwa mmoja wa waliouunga mkono. Mtafiti mkuu alisema hii ni shida ya uelewa, jamii haijaelewa, tufanye kikao cha uhamasishaji. Tukakodi ukumbi, tukaweka soda na biskuti, daktari akaonyesha slaidi za umuhimu wa sayansi. Walikuja watu kama ishirini. Daktari alipomaliza mama mmoja nyuma, hata hakusimama, akasema: "Miaka mitano mwatwambia vipimo viko sawa hatuna kitu. Leo mwataka damu ya watu wasio na kitu, ya nini?" Ukumbi mzima ukaitikia eeeh. Kikao kiliisha pale japo tuliendelea nusu saa nyingine.

Usiku ule nilikaa na zile voisnoti za mpwa, Bi Z alinitumia zote, na nikaanza kusoma yale anayoyasema. Nilikuwa natafuta makosa. Sikuyapata.

Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa unaoitwa PACE, wagonjwa 641, matokeo yalitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2011. Ulisema mazoezi ya kuongeza polepole na tiba ya mazungumzo vinasaidia. Kuingia ulitakiwa uwe na 65 au chini. Kwenye mpango wao wa mwanzo anayehesabiwa amepona kwa kipimo hicho alitakiwa afike 85. Baadaye wakashusha ikawa 60. Maana yake mtu angeweza kuwa mgonjwa wa kutosha kuingia na kwa kipimo hicho hicho tayari "amepona" siku ile ile, na kweli walikuwepo, asilimia 13 ya washiriki walikuwa washavuka mstari huo kabla ya tiba yoyote kuanza. Wagonjwa waliona. Wakaandika barua, wakaambiwa wanasumbua watafiti. Mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, akaomba data kwa sheria ya uhuru wa habari mwaka 2014, chuo chenye utafiti kikagoma, ikaenda hadi kwenye baraza la rufaa, na 2016 baraza likaamuru data itolewe. Ilipohesabiwa upya kwa vipimo vya mpango wa mwanzo, waliopona kwa mazoezi walitoka asilimia 22 wakabaki kama 4. Wenye utafiti wametetea kazi yao mpaka leo. Lakini Oktoba 2021 NICE, ile taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ilibadilisha mwongozo wa 2007 na kusema mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba yasitolewe tena kama tiba ya ugonjwa huu.

Sasa fikiria. Sisi Mombasa, baada ya 2021, tulikuwa tumekopi mistari ya 65 na 60 na mazoezi yenyewe kutoka kwenye makaratasi ya zamani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyeandika mpango alichukua kilichokuwa kimechapishwa kwenye jarida kubwa, kamati ikasoma ikaona kuna marejeo mazito, ikapitisha.

Nilipeleka haya kwenye mkutano wa Jumatatu. Njia zilikuwa mbili. Moja, kutafuta washiriki wengine mbali na grupu hii, labda Kisauni au Mtwapa, watu ambao hawajasikia, tumalize kabla pesa haijaisha. Nisiwafiche, hii ilikuwa na wafuasi wengi, na ilikuwa halali kabisa. Ya pili, kusimama, kuondoa mazoezi, na kurudi kamati ya maadili na mpango mpya. Kilichotupeleka njia ya pili haikuwa utu peke yake, nesi wetu ndo aliuliza swali zito: ikiwa mtu anaanguka siku ya pili na sisi tunampima siku ya kwanza, data yetu inapima nini? Hapo mtafiti mkuu alinyamaza kidogo. Akasema sawa.

Ilichukua karibu miezi miwili kupata kibali cha mabadiliko. Mazoezi yakatoka. Kipimo cha kutembea kikatoka. Tukaenda nyumbani kwa watu au tukapiga simu, mazungumzo yasizidi dakika 20, mtu akichoka tunakata tunaendelea kesho. Damu ikawa hiari, na kisanduku chake peke yake: kuchukuliwa, kuhifadhiwa, kupelekwa nje, vitu vitatu tofauti, ukatae kimoja ukubali kingine. Wagonjwa wawili wakaingia kwenye timu na posho kama sisi, mmoja wao Bi Z. Fomu aliiandika upya yeye na bintiye, "mhusika atajulishwa ipasavyo" ikawa "tukipata kitu kwenye vipimo vyako tutakupigia sisi, usingoje".

Na daftari. Hili nilikuwa nimelisahau. Siku niliyokwenda kuomba radhi alinitolea daftari la shule la mistari, tangu 2019 kila siku ameweka alama: tiki siku aliyopika mwenyewe, nusu duara siku aliyokaa, duara zima siku aliyolala. Ukifuata kwa kidole unaona kila safari, kila msiba, kila harusi, siku ya pili au ya tatu duara, duara, duara. Fomu yetu iliuliza "wiki iliyopita kwa jumla ulijisikiaje". Daftari lake likawa mfano wa daftari tulilowapa washiriki wote.

Ilivyoishia

Kati ya wale 8, 5 walirudi. Grupu ilileta wengine ambao hatukuwahi kuwajua. Utafiti uliisha mdogo kuliko ulivyopangwa lakini daftari zilijaa vizuri kuliko fomu zozote nilizowahi kukusanya.

Bi Z alishiriki kila kitu isipokuwa damu. Visanduku vitatu, hapana, hapana, hapana. Sikumsukuma.

Yuko kijana mmoja, fundi wa AC, ambaye alifanya kipimo cha kutembea wiki moja na Bi Z. Yeye alianguka vibaya zaidi, alilala karibu mwezi, kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Tulimpigia, tukamtumia ujumbe, tukaenda kwao, mamake akatupokea vizuri akasema hayupo na viatu vyake viko mlangoni. Fidia ilijadiliwa mkutanoni mara moja na haikujadiliwa tena. Barua ya kuomba radhi ilitoka kwa jina la timu, mtafiti mkuu hakuweka lake.

Uchambuzi: palipofaa na palipoharibika

Kosa letu kubwa lilitangulia voisnoti, lilikuwa kuchukulia kutoamini kama ujinga. Tulikuwa na maneno mawili tu, aliyeelewa na asiyeelewa, na aliyekataa tukamuweka moja kwa moja kwenye la pili. Kumbe kwenye chumba kile aliyekuwa amesoma zaidi kuhusu kipimo chetu ni mama wa mahamri. Angekubali haraka ndo ningesema hajaelewa.

Pia kuna mambo mawili yaliyochanganyika na tukayatibu kwa dawa moja. Mumiani na damu kuuzwa, hiyo ni hofu, na hofu ya damu Pwani ina historia yake. Hoja ya 65 na 60 si hofu, ni hesabu. Sisi tulipoleta slaidi za kujibu mumiani, watu wenye hesabu wakaona tumewakwepa, na wenye hofu wakaona hata wenye hesabu hawajajibiwa. Tungeanza kwa kusema hadharani "Bi Z yuko sawa, mstari wetu una kasoro", naamini nusu ya ule moto usingewaka. Hatukusema kwa sababu tulidhani kukiri kutamaliza imani. Imani gani?

Sitaki kumfanya kila aliyekataa awe shujaa lakini. Kutoamini kuna bei yake na wagonjwa pia wanailipa. Mwaka 2009 jarida la Science lilitoa utafiti uliosema virusi vinaitwa XMRV vimeonekana kwa wagonjwa wengi wa uchovu huu, watu wakafurahi, wengine wakaanza kumeza ARV, zile dawa za ukimwi, na 2011 jarida likaufuta maana ilikuwa uchafuzi wa maabara. Wagonjwa walioumizwa na hilo hawakuumizwa na mtu aliyewaambia ni mawazo, waliumizwa na mtu waliyemwamini. Na Agosti 2025 matokeo ya DecodeME, utafiti wa Uingereza wa vinasaba vya ugonjwa huu, yalitoka, mate ya wagonjwa zaidi ya 15,000, sehemu 8 za vinasaba zikaonekana kutofautiana na watu wazima wa afya, na ule mradi wagonjwa walikuwa ndani tangu mwanzo. Ila hesabu ile ni ya watu wa asili ya Ulaya. Wa kwetu hawamo. Nilimpelekea Bi Z hoja hii, nikamwambia damu yako ndo inayokosekana kule. Akanambia hoja nzuri, mwambie anayeitaka aje mwenyewe aiombe. Nadhani amekosea, na nadhani ana haki ya kukosea.

Palipofaa hasa ni kubadilisha kilichopimwa, si namna ya kuongea. Tulipoacha dakika 6 na kuchukua daftari, watu waliona siku wanazolipa zimepata mahali kwenye karatasi. Visanduku vitatu vilisaidia pia kuliko nilivyotegemea, wengi walikubali damu ichukuliwe lakini isitoke nje, na mwanzoni hao wote wangehesabiwa wamekataa.

Kuwalipa wagonjwa wawili kulizua maneno, wengine grupuni walisema Bi Z kanunuliwa. Hilo hatukulipangia na yeye ndo aliyelibeba.

Tulipotaka kuchukua daftari lake likae na makaratasi mengine alikataa, akasema kopi tu, na lirudi leo. Nilipanda tuktuk nalo, nikasimama juu ya kichwa cha yule kijana wa fotokopi mpaka akamaliza, nikalirudisha kabla ya adhuhuri. Alilipokea, akaweka miwani, akazihesabu kurasa moja moja mbele yangu. Zilitimia. Ndipo akamwambia bintiye alete chai.